Umeme Unaporudi Usiku

Bunia iko karibu mno na ikweta, kwa hiyo jua halibadili ratiba: iwe Januari au Julai, saa kumi na mbili jioni linazama, na nusu saa baadaye giza limekwisha tanda. Ndani ya nusu saa hiyo wenye maduka wa Boulevard de la Libération hushusha milango ya chuma karibu wote kwa mpigo mmoja. Tangu tarehe 6 Mei 2021, Ituri ilipowekwa chini ya utawala wa dharura wa kijeshi pamoja na Kivu Kaskazini, hakuna anayependa kukutwa njiani na usiku. Pesa zinahesabiwa haraka, vijana wa duka wanaagana, kufuli linabanwa. Na taa zinasahaulika.

Duka nililoshinda kutwa nzima nikitazama kazi ya fundi wa umeme linauza vitenge na vyombo vya jikoni. Lina taa 24 za LED, zile ndefu za mrija, wati 18 kila moja, zimegawanywa safu nne: ukumbi wa mbele, ukumbi wa nyuma, stoo, na ofisi ndogo ya juu. Swichi zake zimetapakaa kama zilivyotapakaa siku za ujenzi. Moja iko nyuma ya majora ya vitenge, moja stoo kwenye kona ya mlango, nyingine ngazini. Kila jioni lazima mtu azunguke. Siku ambazo umeme umekwisha kukatika kabla ya kufunga, hazunguki mtu, maana duka lote ni giza tayari. Nani atajua swichi ipi imebaki imewashwa?

Kisha saa nane usiku umeme unarudi bila kubisha hodi. Taa 24 zinawaka ndani ya duka lililofungwa, mwenye duka amelala nyumbani kwake, na funguo anazo yeye. Zitawaka hadi asubuhi.

Katika nchi ambazo umeme haukatiki, swichi kuu ya kuzima taa zote za jengo inawekwa kwa sababu binadamu husahau. Ufaransa imekufanya kuzima huko kuwa sheria: agizo la tarehe 25 Januari 2013, lililoanza kutumika Julai mwaka huo, lilitaka taa za ndani za majengo ya kazi ziwe zimezimwa saa moja baada ya watu kuondoka. Huko shida inaishia hapo. Kwetu shida ina mkono wa pili, na mafundi wengi hawaushughulikii. Nimekwisha shawishika kwamba swichi kuu ya Bunia ipimwe kwa jambo moja kabla ya mengine yote: itafanya nini umeme ukirudi.

Umeme wenyewe, au kura kama tunavyosema hapa, una historia inayoeleza tabia yake. Mtambo wa Budana kwenye mto Shari ulijengwa enzi za Wabelgiji kwa ajili ya machimbo ya dhahabu ya Kilo-Moto, si kwa ajili ya mji. Bunia ilikuja kula kwenye sahani ya mgodi, na mji umekua kupita kiasi ambacho sahani hiyo inaweza kulisha. SNEL, shirika la taifa lililoundwa mwaka 1970, lilishika umeme wa nchi karibu peke yake mpaka sheria ya tarehe 17 Juni 2014 ilipofungua mlango kwa kampuni binafsi. Katikati ya hayo yote mfanyabiashara amejifunza kujitegemea. Ana waya wa mtandao, ana jenereta nyuma ya duka, ana paneli za jua juu ya bati. Ukitoka mjini na kuingia teritori ya Irumu, kuelekea Komanda au kushuka Kasenyi kwenye ziwa Albert, paneli na jenereta ndizo kila kitu.

Kwa mwenye paneli, taa iliyosahaulika ni hasara unayoweza kuipiga hesabu kwenye karatasi ya vocha. Taa 24 mara wati 18 ni wati 432. Betri moja ya volti 12 yenye ampea-saa 200 ina wati-saa 2,400, lakini betri ya risasi haipendi kunyonywa zaidi ya nusu, kwa hiyo una 1,200 za kutumia kwa usalama. Gawanya kwa 432. Hazifiki saa tatu. Taa zikiwaka tangu saa kumi na mbili jioni, kabla ya saa tatu usiku betri imevuka mstari, na ikiendelea kushuka, sahani zake za ndani zinaanza kujijengea ukoko mgumu unaozuia chaji. Usiku mmoja hauiui. Usiku kumi unaipunguzia miaka. Nimeona betri zimerundikwa nje ya maduka zikingoja mnunuzi wa vyuma chakavu, na kila nikizipita nawaza ni ngapi zilikufa kwa sababu ya swichi iliyokuwa nyuma ya majora.

Fundi alifika asubuhi na begi la turubai na ngazi ya alumini. Kabla hajagusa kisanduku cha umeme, aliomba taa za ukumbi wa mbele zizimwe, akapanda ngazi, akachomoa mrija mmoja na kuweka tester kwenye kishikilio. Tester ikawaka. Swichi imezimwa, taa imekufa, kishikilio kina volti 220.

"Mama, hizi taa usiku hazikuwa zinawaka kidogo hivi, kama mwezi?"

"Ziliwaka, Papa. Nilisema ni taa za bei rahisi."

Hazikuwa taa. Fundi alifungua swichi ya nyuma ya vitenge na kunionyesha chanzo, na hapa naomba msomaji atulie nami kidogo, maana kosa hili liko katika nyumba nyingi za Bunia kuliko inavyodhaniwa. Waya uliotumika dukani humo ulitoka Kampala: nyekundu na nyeusi. Katika desturi ya zamani ya Waingereza, ambayo Uganda ilirithi, nyekundu ni moto, yaani waya unaoleta umeme, na nyeusi ni nyutro, ule unaourudisha. Waingereza wenyewe waliiacha katika majengo mapya mwaka 2006, wakafuata kahawia na bluu za Ulaya, lakini nyaya za nyekundu na nyeusi bado zinauzwa Afrika Mashariki. Fundi aliyejifunza kazi kwa Kifaransa anafundishwa kwamba nyutro ni bluu, na kwamba moto unaweza kuwa kahawia, nyekundu, au nyeusi. Mtu huyo akikutana na kebo isiyo na bluu, anaona nyaya mbili ambazo kwake zote ni moto. Anachagua. Aliyefanya kazi dukani humo alichagua nyeusi na kuikata kwa swichi. Akawa amekata nyutro.

Taa inazima hivyohivyo, kwa hiyo mwenye nyumba analipa na kushukuru. Lakini moto unabaki umesimama ndani ya kila kishikilio, ukimngoja kijana atakayepanda kubadilisha taa huku akiamini kwamba swichi iliyozimwa ni ulinzi. Ule mwanga hafifu kama wa mwezi ulikuwa dalili: umeme kidogo ukivuja kutoka kwenye waya wa moto kupitia taa kwenda kwenye fremu na ukuta, unatosha kuifanya LED ipumue. Bunia inakaa mahali ambapo desturi mbili za ufundi zinakutana, ile iliyotoka Kampala na ile iliyotoka Brussels, na rangi nyeusi ina maana mbili zinazopingana. Fundi mwangalifu haamini rangi. Anapima kila waya, kisha anaufunga utepe wa bluu kwenye nyutro, pande zote mbili, ili atakayekuja baada yake asibahatishe.

Kutwa ile nusu ilikwenda kwenye kurekebisha hilo. Niliridhika nalo, kwani swichi kuu iliyowekwa juu ya nyaya zilizopinduliwa ingekuwa mapambo.

Baada ya chakula tukaja kwenye jambo lenyewe. Mama mwenye duka alitarajia swichi moja kubwa mlangoni, ya kupandisha na kushusha. Wati 432 kwa volti 220 ni ampea 2 hivi, na swichi ya kawaida ya ukutani inabeba 10. Kwa nini isitoshe? Fundi alitaja sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba taa za LED zina kapasita ndani, na kapasita tupu ikiunganishwa na umeme inavuta mkupuo mkali kwa muda mfupi sana, sehemu ya elfu ya sekunde au chini yake, ulio mkubwa mara nyingi kuliko mkondo wa kawaida. Taa 24 zikivuta kwa pamoja, miguso ya swichi ndogo inapigwa cheche kila asubuhi, na siku moja inashikana. Swichi inayoshikana haizimi tena. Sababu ya pili ndiyo niliyokuwa naingojea: swichi ya kupandisha na kushusha inabaki pale ulipoiacha. Ukiondoka gizani imewashwa, umeme ukirudi itakuwa bado imewashwa.

Akatoa mfukoni kontakteri, ile ambayo Nairobi na Dar es Salaam huiita kontakta. Ni kidude cha ukubwa wa viberiti viwili, kinabanwa kwenye reli ya kisanduku pembeni ya dijonkteri, yaani saketi breka. Ndani yake mna koili. Koili ikipata umeme inakuwa sumaku, inavuta kipande cha chuma, na miguso minne inafunga kwa pamoja kwa mlio mmoja: tak. Koili ikikosa umeme, springi inaisukuma miguso ifunguke. Kontakteri haina kumbukumbu ya jana, na kwa kazi yetu hilo ndilo linalotakiwa.

Kumbukumbu inatengenezwa kwa vitufe viwili, chekundu na cha kijani, vilivyowekwa karibu na mlango. Moto unatoka kwenye dijonkteri ndogo ya ampea 2, unapita kwanza kwenye kitufe chekundu, ambacho kikiwa kimeachwa kinapitisha umeme. Kutoka hapo unafika kitufe cha kijani, ambacho kikiachwa hakipitishi. Kutoka kijani unakwenda kwenye skrubu A1 ya koili, na A2 inarudi nyutro. Ukibonyeza kijani, koili inavuta. Ukikiachia ingekatika palepale, ila mguso mmoja wa kontakteri umeunganishwa sambamba na kitufe hicho, kwa hiyo kontakteri inajilisha yenyewe kupitia mlango ilioufungua yenyewe. Mafundi wetu wanasema inajishika. Ukibonyeza chekundu unavunja mnyororo, nayo inaachia. Umeme wa mji ukikatika, mnyororo unavunjika pia, na hapo ndipo uzuri wake ulipo: ukirudi saa nane usiku hakuna kidole kwenye kijani, na duka linabaki giza.

Tazama pia upande wa hitilafu. Waya wa kitufe chekundu ukikatika siku moja, ukaliwa na panya au ukachomoka, kontakteri inaachia. Kinachoharibika kinaharibikia upande wa kuzima. Kuna kifaa kingine kinachopendwa na mafundi waliosoma mifumo ya Ubelgiji, teleruptere, ambacho kitufe kimoja kinawasha na kilekile kinazima. Ni kizuri kwa korido na ngazi. Lakini kinakumbuka hali yake hata umeme ukikatika, na kwa duka la Bunia mimi nisingekishauri.

Miguso minne ya kontakteri ile iligawanywa hivi: 1 na 2 kwa moto, 3 na 4 kwa nyutro, 5 na 6 kwa kujishika, wa nne ukaachwa akiba. Kontakteri ikakaa kabla ya dijonkteri nne za ampea 10, moja kwa kila safu ya taa, na kabla yake dijonkteri ya ampea 16 ya kuilinda yenyewe, pamoja na kifaa cha kugundua uvujaji wa umeme cha miliampea 30. Nyaya za taa ni milimita za mraba 1.5. Swichi za zamani za kila safu zilibaki mahali pake, zikifanya kazi kama kawaida, kwani mchana hakuna haja ya kuwasha stoo.

Kwa nini kukata na nyutro? Kwa sababu ya jenereta. Kwenye mtandao wa mji nyutro imefungwa ardhini, na inatosha kukata moto. Jenereta ndogo ya kubebeka mara nyingi haina upande wowote uliofungwa ardhini, kwa hiyo jina la nyutro pale ni la heshima tu, na nyaya zote mbili zinastahili kukatwa. Kifaa cha uvujaji nacho hakina kazi kwa jenereta ya namna hiyo mpaka upande mmoja wa mashine ufungwe kwenye nondo ya ardhi. Fundi alipigilia nondo ya shaba nyuma ya duka, mahali ambapo maji ya bati yanadondokea, kwani udongo wenye unyevu unapokea umeme vizuri zaidi.

Swichi ya kubadili chanzo, ya nafasi tatu, moja, sifuri na mbili, ilikuwapo tayari, nami nafurahi ilikuwapo. Pasipo na swichi hiyo kuna watu wanaounganisha jenereta kwa kuchomeka waya kwenye soketi ya ukutani. Umeme wao unapanda kurudi kwenye nguzo, na fundi wa mtandao aliyeko juu ya nguzo hiyo akiamini laini imekufa anakutana nao. Hilo ni kuua mtu. Kisanduku kizuri cha duka kinaanza na swichi hiyo, na kontakteri inafuata baada yake, ili iwe chanzo ni Budana, petroli au jua, kitufe chekundu kinazima taa zilezile.

Mama aliuliza swali zuri: je, friji ya vinywaji nayo itazima? Haizimi. Soketi, friji na kamera zinatoka kwenye dijonkteri zao, kabla ya kontakteri. Kuna taa moja pia haitakiwi kuwa chini ya kitufe, taa ndogo ya mlangoni inayomsaidia mlinzi kuona. Na katika jengo kubwa, hoteli au ukumbi wa ibada, taa za dharura za kuonyesha mlango wa kutokea zinachukua umeme baada ya dijonkteri ya safu yao lakini kabla ya kifaa cha kuzimia. Zikiwekwa baada yake, kila jioni zitadhani kuna ajali, zitawaka kwa betri zao hadi zikauke, na siku ya moto wa kweli hazitawaka. Hapo ndipo ninapokiri udhaifu wa mfumo wa kujishika: umeme ukikonyeza mchana wateja wakiwa ndani, taa hazirudi mpaka mtu abonyeze. Kwa hiyo kijani kiwe hatua mbili kutoka kwa anayepokea pesa, na taa moja ya dharura iwe juu yake. Hiyo ni gharama naikubali.

Neno moja kuhusu nyaya kabla hatujafunga kisanduku. Fundi alikuwa amenunua roli mbili za waya, moja kwa bei nzuri mno. Alikata kipande, akachuna uzi mmoja wa shaba kwa ncha ya kisu mbele yangu. Chini ya wekundu kulikuwa na weupe. Ni alumini iliyopakwa shaba, nyepesi mkononi, inayopitisha umeme vibaya kuliko shaba na inayolegea kwenye skrubu kadiri inavyopata joto na kupoa. Skrubu iliyolegea inapata joto zaidi, inalegea zaidi, na mwisho wake plastiki ya dijonkteri inakuwa kahawia. Moto ukiteketeza soko usiku, asubuhi neno la kwanza mdomoni mwa watu ni kwamba nyaya zilikutana. Pengine zilikutana. Lakini mara nyingine nyaya hazikugusana kabisa: skrubu moja ilipata joto polepole, usiku, katika duka ambalo halikuwa na mtu wa kunusa. Roli ile ilirudishwa dukani ilikotoka. Na taa zinapokuwa zimezimwa na kontakteri, skrubu zote zilizo baada yake hazina mkondo wa kuzichemsha hadi asubuhi.

Jambo ambalo fundi alilirudia mara mbili kwa vijana wa duka ni kwamba kitufe chekundu si ruhusa ya kushika nyaya. Kinazima taa. Anayetaka kufungua kishikilio ashushe dijonkteri kwenye kisanduku, aweke kufuli au akae na ufunguo wa kisanduku mfukoni, kisha apime kwa tester aliyoijaribu kwanza mahali penye umeme.

Saa kumi na moja na nusu wakafanya jaribio. Mama alisimama mlangoni, akabonyeza kijani. Tak. Safu zote nne zikawaka. Fundi akashusha dijonkteri kuu, duka likaingia giza kama lilivyozoea, vijana wakacheka kwa mazoea. Akangoja kidogo, akaipandisha tena. Friji ikaanza kunguruma. Taa ndogo ya mlangoni ikawaka. Ile mirija 24 juu ya vitenge ikabaki imelala, na Mama akaendelea kuitazama dari, akingoja.

"Haiwaki, Papa?"

"Inakungoja wewe, Mama."

Alibonyeza kijani, ikawaka. Akaizima kwa chekundu, akaiwasha tena, akaizima. Kisha akaomba kalamu ya wino mzito, akaandika mwenyewe juu ya kitufe chekundu, kwa herufi kubwa, ZIMA ZOTE, akachukua kufuli lake mezani.